Nyatiti chini ya mabati: vifaa vyangu vya kurekodi baada ya miaka minne

Mvua ya Kisumu hupenda kuja jioni, na ikishagusa mabati ya chumba changu hapa Manyatta, kazi ya siku imekwisha. Sijawahi kununua kifaa kinachoweza kushindana na mabati. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaoniuliza natumia vifaa gani hungoja nitaje kitu cha bei kali ili wakakitafute. Mimi napiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, gitaa, orutu, fidla ya Waluo, na kinanda, naimba nikilazimika, na vyote navirekodi peke yangu katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye mashine ya posho nyuma yake.

Nyatiti ndiyo iliyonifundisha kurekodi, maana ndiyo sumbufu kuliko zote. Ina nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Unaketi kwenye kigoda kifupi, ala iko chini mbele yako. Kwenye kidole gumba cha mguu unavaa pete ya chuma, oduong'o, unayogongea mti wa ala, na mguuni umefunga gara, yaani njuga, zinazolia kila ukigonga. Jathum, yaani mpiga nyatiti, mmoja aliyeketi ni nyuzi, ngoma, njuga na mwimbaji kwa wakati mmoja. Sasa muweke mbele ya maiki moja uone.

Mimi nilimweka mbele ya kondensa. Ndiyo maiki ya kwanza niliyonunua, mpya kwenye boksi, kwa pesa za harusi tatu. Jina lake silitaji kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kondensa ina masikio makali. Ilisikia nyuzi vizuri sana, kisha ikasikia mashine ya posho, bodaboda wa kona, mtoto wa jirani akikataa kuoga, na ile sauti ya chumba chenyewe, mwangwi mfupi wa bati na saruji unaofanya kila kitu kisikike kama kimerekodiwa ndani ya debe. Nikatundika blanketi. Nikaegemeza godoro ukutani. Nikaanza kurekodi saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, majogoo wakichachamaa naacha. Mke wangu alivumilia miezi miwili, halafu akaniuliza kwa upole kama godoro litarudi kitandani lini.

Kilichoniokoa ni Shure SM57 kuukuu niliyouziwa na mpiga gitaa wa benga aliyekuwa anahamia Nakuru. Shilingi elfu saba, imebonyea kichwani. Maiki hii imekuwa sokoni tangu 1965 na haina maajabu. Ni dainamiki, haihitaji ule umeme wa volti 48 ambao kondensa hudai, na inasikia kilicho mbele ya pua yake tu. Niliiweka sentimita kama kumi na tano kutoka kwenye ngozi, ikitazama kando kidogo ya daraja la nyuzi. Ukiisogeza karibu zaidi besi inafura. Ukiirudisha nyuma, chumba kinaingia. Siku hiyo ya kwanza nilirekodi saa nne asubuhi, mashine ya posho ikinguruma, na niliposikiliza nikasikia nyatiti. Mashine ilikuwepo, ila kwa mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya tatu.

Baadaye nikaongeza SM57 ya pili kwa ajili ya mguu. Hapa kuna kanuni ya mafundi wa sauti inayofanya kazi kweli: maiki mbili zikae mbali kwa umbali mara tatu wa ule ulio kati ya maiki na ala. Ya kwanza iko sentimita 15 kutoka kwenye ngozi, basi ya pili isiwe chini ya sentimita 45 kutoka kwa ya kwanza. Nikiivunja, nyuzi nene zinakonda ghafla, kana kwamba mtu amezing'oa.

Maiki zote mbili zinaingia kwenye intafesi, kile kiboksi kinachobadilisha sauti kuwa data ya kompyuta. Yangu ni Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu, ina matundu mawili. Kuzunguka kila kitufe cha sauti kuna duara la taa: kijani ni salama, nyekundu umezidisha. Kwa nyatiti duara hilo linachekesha. Nyuzi zinapepesa kijani kwa utulivu, halafu oduong'o inagonga mara moja na taa inawaka nyekundu kama breki za matatu. Kwa hiyo napima kwa mguu, si kwa vidole. Nagonga kwa nguvu zangu zote kwanza, napunguza hadi kilele kifike desibeli 12 chini ya mwisho, ndipo naanza wimbo.

Ninachokipenda zaidi kwenye kiboksi hiki ni kwamba kinakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu. Mtu wa mahali ambapo stima haipotei hataelewa. Ikipotea, taa ya chumba inazimika, feni ya jirani inanyamaza, na mimi naendelea kurekodi kwa betri. Tena kimya kinakuwa bora. Nina nyimbo mbili ambazo naweza kukuonyesha kabisa mahali stima ilipokatika, kwa sababu ndipo zinapoanza kusikika vizuri.

Matundu mawili lakini yanabana. Nyatiti imeshayamaliza, sauti yangu haina pa kuingia. Naimba baadaye juu ya kilichorekodiwa, na hapo kitu kinapotea. Mpigaji nyatiti hupumua pamoja na mguu wake; ukitenganisha, pumzi haikai pale pale. Ningekuwa naanza leo ningetafuta intafesi ya matundu manne hata kama ni ya mkono wa pili.

Kwa sauti hiyo natumia maiki nyingine ya Shure, SM58, na hapo nina kidonda. Ya kwanza niliinunua dukani mjini, duka lenye vioo na risiti, nikaambiwa ni halisi. Mkononi ilikuwa nyepesi. SM58 halisi ina gramu 298, hivyo nikaipeleka kwa mama mmoja wa jirani anayeoka keki, tukaiweka kwenye mzani wake wa unga. Gramu 231. "Hii imepungua kikombe cha sukari, baba," akaniambia. Dukani waligoma kurudisha pesa. Tangu hapo sinunui maiki bila kuipima, na wauzaji wa haki huwa hawakasiriki.

Gitaa halinisumbui, isipokuwa mngurumo. Nyumba nyingi za kupanga huku soketi zina matundu matatu lakini waya wa erthi haujaenda popote. Nikichomeka chaja ya laptopu, gitaa linavuma mmmm. Nachomoa chaja, linanyamaza. Nilikuwa karibu kubadilisha pikapu, vile vinasa sauti vya gitaa, kabla fundi wa stima hajanicheka.

Kinanda ni Yamaha ya PSR, funguo 61, ya kawaida tu ya makanisani. Ila ina jambo moja ambalo wengi hawalijui: unaweza kuipandisha au kuishusha kidogo kutoka 440, ile hezi ya kawaida ya kulinganishia ala. Nyatiti yangu ilitengenezwa na jaduong', mzee mmoja, huko Siaya ambaye hakuwahi kusikia habari za 440, na ngozi yake inalegea kukiwa na unyevu wa ziwa. Miaka miwili nilikaza nyuzi nane zilingane na kinanda, na nyatiti ikawa inalia kama imebanwa na kiatu. Siku hizi naianika juani dakika chache, naipa sauti inayoitaka yenyewe, kisha nakisogeza kinanda kiifuate.

Orutu ina uzi mmoja na mkwaruzo mwingi. SM57 inaulainisha mkwaruzo. Basi.

Programu ya kurekodia ni Reaper. Unaijaribu siku 60, leseni ya mtu mdogo ni dola 60, na inakwenda hata kwenye laptopu yangu ya mtumba. Spika za studio sina. Nachanganya sauti kwa hedifoni, kisha nampelekea wimbo binamu yangu mwenye matatu ya Kondele aupige asubuhi. Abiria wakinyamaza, besi imezidi.

Na ile kondensa? Bado ninayo. Mwezi uliopita niliibeba hadi kanisa moja la mawe njia ya Maseno, dari iko juu, kwaya ya akina mama ishirini na tatu. Nikaisimamisha mita tatu mbele yao, moja tu. Sikugusa kitu. Mama wa sauti ya nne, yule anayesimama nyuma kabisa kwa sababu ya mguu, alisikika kila neno.