Tahadhari: Kifurushi cha "Akaunti Moja, Domeini Kumi" Kinachouzwa Dar es Salaam

Ndugu wafanyabiashara na mafundi wenzangu wa mifumo, kuna muuzaji wa huduma ya kuhosti tovuti (kuziweka kwenye seva, yaani kompyuta inayozionyesha mtandaoni) anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Sinza na Mwenge, akinadi kifurushi anachokiita "akaunti moja, domeini kumi, unalipa mara moja maishani" kwa shilingi 250,000. Simtaji kwa jina, kwa sababu jina lenyewe hubadilika kila baada ya matangazo machache na kwa sababu baadhi ya walioumia wameshafungua malalamiko. Ninachoeleza ni jinsi biashara hiyo inavyofanyika, ili atakayekutana nayo aitambue hata ikimjia kwa jina jingine.

Ieleweke kwanza kwamba kuweka mifumo kadhaa yenye domeini (majina ya tovuti) tofauti katika akaunti moja si utapeli. Kivinjari kinapoomba ukurasa hutaja jina la domeini kinayoitafuta, seva hulisoma jina hilo na kulipeleka ombi kwenye folda inayohusika, na kwa njia hiyo anwani moja ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) huweza kuhudumia duka, zahanati na shule bila tatizo lolote. Cheti cha SSL, kinachothibitisha tovuti na kulinda mawasiliano yake, nacho huchaguliwa kwa kufuata jina hilohilo. Mafundi wengi tunaohudumia wateja wadogo tunafanya hivyo kila siku, na gharama hupungua kweli.

Udanganyifu uko katika swali la akaunti ni ya nani. Mteja huamini kwamba amenunua akaunti, kumbe amepewa folda moja ndani ya akaunti ya muuzaji, ikiwa imezungukwa na folda za watu asiowajua, na kinachoitwa "paneli yako" ni jina na nywila ya FTP (njia ya kupakia mafaili kwenye seva) inayofungua folda hiyo tu. Ni sawa na kumlipa kilemba cha fremu mtu ambaye naye ni mpangaji, huku mwenye nyumba hajui kama upo.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari pale eneo la Gerezani aliniletea mfumo wake wa stoo baada ya kukuta Jumamosi asubuhi, wateja wamejaa kaunta, kwamba ukurasa wa kuingilia umegeuka tangazo la kusimamishwa kwa huduma. Yeye hakuwa amefanya kosa lolote. Katika folda ya jirani yake kulikuwa na ukurasa bandia wa kuingilia akaunti ya benki, na kampuni ya nje inayomiliki seva ilipopata malalamiko iliifunga akaunti nzima, kama zinavyofanya kampuni nyingi za aina hiyo. Alipoiandikia kampuni hiyo alijibiwa kwamba haimtambui, kwa kuwa mteja wake ni mwenye akaunti. Muuzaji, baada ya kutopokea simu kwa muda mrefu, alijibu kwa ujumbe: "Bosi wangu, seva ilipata shida kidogo. Tunahama. Changia laki na nusu nikuweke kwenye seva ya VIP." Jina lililotokea kwenye namba ya kulipia halikuwa lile la tangazo, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) haikupatikana hadi leo.

Hata kabla ya kufungiwa, mpangilio huo ni wa hatari. Folda zote za akaunti ya namna hiyo kwa kawaida huendeshwa kwa mtumiaji mmoja wa seva, kwa hiyo tovuti moja ya WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) iliyoachwa bila kusasishwa ikidukuliwa, mdukuzi huweza kuyasoma mafaili ya majirani wote, yakiwamo yale yenye nywila za kanzidata zao. Uwezo wa prosesa, kumbukumbu na idadi ya mafaili navyo hugawanywa kwa wote, na ndiyo maana mfumo wa mauzo unaweza kuwa mzito saa nne asubuhi pasipo sababu inayoonekana upande wako.

Kugundua hali hii hakuhitaji utaalamu mkubwa. Fungua tovuti yako kwa kompyuta, bofya alama iliyo kando ya anwani, fungua maelezo ya cheti na usome majina yaliyoorodheshwa ndani yake. Katika cheti cha yule mfanyabiashara wa vipuri kulikuwa na jina la duka lake, jina hilohilo likiwa na www, kisha jina la tatu: neno la duka lake likiwa limebandikwa mbele ya domeini ya muuzaji. Katika cPanel, programu ya kusimamia akaunti za kuhosti, domeini ya nyongeza kwa kawaida huambatanishwa na domeini ndogo chini ya domeini kuu ya akaunti, na hiyo domeini kuu ndiyo iliyomfichua. Vyeti hivi huandikwa katika kumbukumbu za wazi, hivyo nilipoitafuta domeini ya muuzaji kwenye crt.sh, tovuti ya kutafutia kumbukumbu hizo, niliwaona majirani: duka la dawa, shule ya awali, wakala wa utalii, na majina mengine yasiyo na uhusiano wowote. Nitoe angalizo la haki hapa: cheti chenye majina mengi peke yake si ushahidi wa wizi, maana kuna kampuni halali ambazo zimewahi kuwachanganya wateja katika cheti kimoja. Kitazamwe pamoja na mambo mengine.

Jambo zito zaidi ni umiliki wa domeini zenyewe. Kwa domeini za .tz, tafuta jina la domeini yako katika WHOIS, yaani daftari la wazi la usajili wa domeini, uone nani ameandikwa kuwa mmiliki; kwa .com, ambako taarifa za mmiliki mara nyingi hufichwa, dai kuingia mwenyewe katika akaunti ya msajili (kampuni inayouza domeini) ilikonunuliwa. Domeini ikiwa imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya muuzaji, msimbo wa kuihamishia kwa msajili mwingine huwa mikononi mwake, na hapo ndipo bei ya "kuiachia" huanza kupangwa. Kuhusu ahadi ya maisha, .com haisajiliwi kwa zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo, kwa hiyo domeini ya kulipia mara moja maishani haipo. Muuzaji huyu pia hutoza shilingi 60,000 kwa kila domeini kila mwaka kwa "kununua" SSL, ilhali vyeti nilivyovikuta vilitolewa na Let's Encrypt, ambayo huvitoa bure, kwa muda mfupi, na seva huvihuisha yenyewe.

Aliye ndani tayari asianze kwa kugombana. Ashushe kwanza mafaili yote na nakala ya kanzidata, ahifadhi barua pepe zake, kwa kuwa mara nyingi nazo ziko katika akaunti hiyohiyo na hupotea pamoja nayo, aandae akaunti mpya kwa jina lake, aujaribu mfumo humo, na mwisho kabisa ndipo abadilishe rekodi za DNS, zinazoelekeza domeini iende seva ipi. Wenye taarifa za wagonjwa au wanafunzi wafanye haraka zaidi: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, kumwachia mtu mwingine seva hakumwondolei aliyezikusanya wajibu wa kuzilinda.

Tangazo, jumbe za malipo na picha ya cheti visifutwe, maana ndivyo vitakavyohitajika kituo cha polisi kwa shauri chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya simu iliyotumika iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Wenye domeini za .co.tz zinazokaribia kuisha muda waanze na WHOIS leo, wakiwa na cheti cha BRELA cha usajili wa biashara na stakabadhi za malipo mkononi, kwa sababu ikiwa domeini imeandikwa kwa jina la muuzaji, hata taarifa ya kuhuisha itatumwa kwake.