Mbao za Sakafu ya Pikapu ya Zamani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Pikapu nyingi za katikati ya karne iliyopita, kama vile Chevrolet 3100 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1947, zilitoka kiwandani zikiwa na sakafu ya mbao zilizobanwa kwa mikanda ya chuma iliyolazwa kati ya ubao na ubao. Sakafu ya aina hiyo huanza kuoza chini ya mikanda, kwenye matundu ya boliti na kwenye ncha za mbao, ambako maji hutuama bila kupata hewa. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni uwezo wa kiini cha mti, yaani sehemu ya ndani yenye rangi nzito, kustahimili unyevu mahali ambapo vanishi haifiki. Ugumu na rangi hufuata baadaye.

Kwa kigezo hicho naweka mvule mbele. Kiini chake hustahimili kuvu na wadudu karibu sawa na msaji, na kwa kawaida huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Kero yake ni vijiwe vya chokaa vinavyojificha ndani ya baadhi ya mbao na kutafuna meno ya msumeno, pamoja na vumbi linalowasha pua na ngozi, kwa hiyo fundi avae barakoa.

Msaji unafuata, na asiyejali gharama anaweza kuupandisha juu. Hautanuki wala kusinyaa sana, ila mafuta yake ya asili huzuia gundi na vanishi kushika. Uso ufutwe kwa asetoni, kiyeyushi cha mafuta, muda mfupi kabla ya kupaka. Mbao za miti michanga, zenye ukingo mpana wa rangi hafifu, zisilipiwe bei ya kiini.

Nafasi ya tatu ni ya mwaloni mweupe, na hapa ndipo wanunuzi hupunjwa, kwa kuwa mwaloni mwekundu hufanana nao. Chukua kipande kifupi, chovya ncha moja majini, kisha puliza kwa nguvu upande wa pili: mwekundu hutoa mapovu, kwa sababu vitundu vyake viko wazi, ilhali vya mweupe vimezibwa kiasili. Tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mwaloni, ikikutana na chuma kilicholowa huacha madoa meusi, hivyo boliti ziwe za chuma cha pua.

Msonobari uliotiwa dawa kwa shinikizo ni chaguo la nne, linalofaa gari la kazi. Dawa nyingi za sasa zina shaba, ambayo hula chuma kisicho na kinga, na mbao zikinunuliwa mbichi husinyaa na kuacha mianya. Plaiwudi ya majini, ile ya kuundia mashua, naiweka mwisho: gundi yake huvumilia maji, lakini kingo zisipozibwa kwa epoksi, utomvu wa viwandani unaoganda ukawa mgumu, tabaka zake huoza, na mwonekano wa asili wa gari hupotea.

Mbao yoyote utakayochagua iwe imekauka hadi unyevu wa takribani asilimia 12, na unene wake ulingane na wa sakafu ya awali, ambao mara nyingi ni kama milimita 19. Toboa matundu yote na uzibe ncha kabla ya kufunga chochote. Juani, mafuta yanayopenya ndani ya mbao, kama ya kitani, ni rahisi kuhudumia kuliko vanishi inayobambuka, ila matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandazwe nje yakauke, kwani yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.