Iyafoni za kununua mkopo wa masomo wa HELB ukiingia: anza na shingo ya waya

Kila muhula ukifunguliwa, malalamiko ni yale yale. "Sikio la kushoto limenyamaza." "Nikiishika waya karibu na simu inasikika, nikiiachilia inakatika." "Haijamaliza hata mwezi na dukani hawataki kuiona." Wengi wanaoniandikia ni wanafunzi wa Njoro na Nakuru mjini, wachache wa Kisumu na Kakamega, na wakimaliza kulalamika wananiuliza iyafoni gani ina bezi nzuri. Bezi! Kati yao wote hakuna aliyesema kilichoharibika kilikuwa bezi.

Basi bezi sitaigusa. Wala sitapima rangi, boksi, au ni msanii gani amepigwa picha amevaa nini shingoni. Hapa napanga kwa jambo moja tu: shingo ya waya, yaani pale inapoingia kwenye plagi na pale inapoingia kwenye kipande cha sikioni.

Ndani ya waya ya iyafoni mna nyuzi za shaba nyembamba mno, zimepakwa vanishi ya rangi ili zisigusane. Ukikunja shaba mahali pamoja kila siku, huchoka. Unakatika uzi mmoja, kisha mwingine, na wewe husikii tofauti yoyote mpaka uzi wa mwisho utakapobaki ukigusana na kuachana. Ndipo unaanza ile tabia ya kutembea umepinda shingo kama kuku mgonjwa, ukitafuta pembe ambayo sikio la pili litarudi. Fikiria simu iko mfuko wa mbele wa jinzi na umebanwa kiti cha nyuma kwenye matatu ya kwenda Njoro. Plagi iliyonyooka inasukumwa na paja lako njia nzima. Plagi yenye umbo la L inalala ubavuni mwa simu, na waya inashuka bila kukunjwa.

Angalia pia kile kijisoksi cha mpira kinachovaa mwanzo wa waya. Kiwe kirefu na laini, kipinde polepole pamoja na waya. Wengine huweka kigumu kama plagi yenyewe. Hicho hakilindi chochote, kinahamisha tu mahali pa kukatikia kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Na tafadhali, usiizungushe waya kwenye simu ukaikaza kama unafunga mzigo wa sukuma wiki. Ikunje mkononi kwa duara legelege, uiweke kwenye mfuko wa pembeni wa begi.

Sasa nafasi ya kwanza, na sitajifanya sina upande: ni KZ. Kampuni ya Shenzhen, Uchina, jina lake refu Knowledge Zenith. Nazungumzia EDX Pro na ZSN Pro, zile za bei ya chini katika familia yao. Ninaipenda KZ kwa sababu waya inachomoka. Kila kipande cha sikioni kina matundu mawili, waya ina pini mbili, basi. Shingo ikikatika unanunua waya, hununui iyafoni. Plagi yake ni ya L. Waya inapanda juu ya sikio na kushukia nyuma, kwa hiyo mtu akiivuta kwenye foleni ya mesi, mvuto unaishia kwenye sikio kabla ya kufika kwenye kiungo. Hili peke yake lingetosha kuipa nafasi hii.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa Njoro wataielewa upesi. Mvua ikipiga mabati alasiri, mhadhara uliorekodi asubuhi hausikiki hata uongeze sauti mpaka mwisho. KZ inaziba tundu la sikio kwa kizibo cha mpira, na ndani ya boksi mna vizibo vya saizi tatu. Jaribu zote. Anayesema KZ haina kitu amevaa saizi isiyo yake, hewa inavuja na sauti nzito inatoka nayo. Ikikaa vizuri, mvua inakuwa ya mbali, na jirani wa bedsita ya pili aliyenunua sabufa kabla ya kununua mtungi wa gesi anapungua makali. Unasoma kwa sauti ya chini, masikio yako yanapona.

Ubaya wake? Wanaovaa miwani husumbuka kidogo na ile waya ya juu ya sikio. Na kuna aina mbili, yenye maikrofoni na isiyo nayo. Ukichukua isiyo nayo kisha darasa likahamia Google Meet, mwalimu atakuita jina na utajibu kwa kuandika.

Nafasi ya pili ni Sony MDR-ZX110, hedifoni ndogo ya kukaa juu ya sikio. Gramu 120 hivi, inakunjika, waya mita 1.2, plagi ya L. Yenye maikrofoni huandikwa AP mwishoni. Shingo ya plagi ni nzuri. Shida yangu ni huko juu: waya inagawanyika na kuingia vikombe vyote viwili, na haichomoki. Kwa hiyo una shingo tatu za kulinda, na ikikatika yoyote unaenda kwa fundi. Haizuii kelele pia. Mvua ya mabati utaisikia yote, na wa kando yako maktabani atasikia wimbo wako. Lakini kwa mtu asiyeweza kuvumilia kitu ndani ya tundu la sikio, hii ndiyo. Jina la Sony linaigwa sana, basi ukiona ZX110 inauzwa kwa bei ya chipsi na kuku, jua ni nini unachouziwa.

Ya tatu ni kwa wale wanaohariri sauti: wanafunzi wa uanahabari, wenye podikasti, wanaotengeneza biti chumbani. Audio-Technica ATH-M20x. Waya inatokea upande mmoja tu, nene, ina urefu wa mita tatu, haina maikrofoni. Mita tatu kwenye simu ni upuuzi, lakini mezani kwenye kompyuta haikunjwi na mfuko wa mtu, kwa hiyo inadumu. Haichomoki. Inayochomoka ni M40x, ambayo inakuja na waya mbili ndani ya boksi, na bei yake inaweza kula kodi ya nyumba. Ukiwa na pesa hizo, sina la kukushauri, una raha zako.

Za Bluetooth nimeziweka ya nne na najua nitatukanwa. Mtasema hazina waya, basi hazina shingo. Zina betri. Betri ndogo sana ya lithiamu iliyofungiwa ndani kwa gundi, nayo huchakaa kila unapochaji. Tena haichakai sawa: ukizoea kuvaa la kulia peke yake ukipiga simu, la kulia litakufa mapema, na tumerudi kwenye sikio moja. Fundi hana la kufanya. Sauti pia huchelewa kidogo nyuma ya picha, jambo unaloliona ukitazama video au ukijirekodi ukiimba. Za kampuni ya Oraimo zimejaa kila duka na wengi wanaridhika nazo. Sawa. Zichukue kwa mazoezi ya kukimbia.

Za mia mbili za barabarani: nunua za kusikilizia mpira, zikifa usiniandikie.

Kama simu yako haina tundu la duara la iyafoni, lile la milimita 3.5, usikimbilie iyafoni za Type-C. Nyingine hutegemea simu itoe sauti ya analogi kupitia tundu la chaji, na simu nyingi hazifanyi hivyo, unachomeka, kimya. Nunua adapta yenye kibadilishi cha sauti ndani yake, kisha utumie iyafoni ya kawaida. Ile adapta itakuwa shingo inayoteseka badala ya iyafoni, nayo ni rahisi kuibadilisha.

Dukani, omba kuijaribu kabla ya kulipa. Cheza sauti ya mtu anayeongea, kwa maana muziki huficha mikwaruzo. Shika waya karibu na plagi, uizungushe polepole huku unasikiliza, kisha ufanye hivyo kwa kila sikio. Rekodi sentensi moja kwa maikrofoni. Haichukui hata dakika mbili.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. "Siste, ukifungua umenunua." Nifungue nini ikiwa sijasikia? Msomaji mmoja alinitumia picha ya risiti kutoka duka moja la Nakuru: waranti siku saba, na chini yake kwa herufi ndogo, isipokuwa waya. Isipokuwa waya! Kwenye iyafoni ya waya! Risiti nyingine zina muhuri kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, muuzaji anakuonyesha ule muhuri kama vile umetoka bungeni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Muhuri wa mpira haufuti hayo. Mwambie hivyo kwa upole, ukiwa bado umeshika pesa, maana ukishatuma M-Pesa upole wako hauna kazi. Akikataa kujaribu, toka. Barabara ya Kenyatta haina uhaba wa maduka.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, muulize maswali mawili. Ataondoa ile vanishi kwenye nyuzi kabla ya kulehemu? Asipoiunguza au kuikwangua, lehemu haishiki, na utarudi kwake wiki ijayo. Pili, plagi anayokuwekea ina pete ngapi? Ya maikrofoni ina pete tatu nyeusi, zinazoigawa sehemu nne. Akikuwekea yenye pete mbili muziki utarudi masikio yote na maikrofoni itapotea, nawe utagundua siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi.

Wenye KZ, ulizieni waya ya akiba siku hiyo hiyo mnaponunua. Mwambie muuzaji ni ya pini mbili za milimita 0.75, yenye kifuniko cha plastiki kinachovaa juu ya mdomo wa tundu. Zile bapa zisizo na kifuniko zinaingia lakini zinalegea. Waya ikiuzwa karibu bei ya iyafoni nzima, kama baadhi ya maduka ya mjini yanavyopenda kufanya, nunua iyafoni ya pili, utoe waya, na vile vipande viwili uvihifadhi.