Waliiwasha kavu, nami nikapiga makofi

Nyota moja. Boti yenyewe ningeipa nne, lakini haikuja peke yake, ilikuja na yule kijana wa duka lililoniuzia. Kwa hiyo moja, na hiyo ni ya faiba, yaani mwili wa boti.

Kwa miaka mingi nilitaka boti ndogo ya kuvulia mwisho wa wiki na ya kuwapeleka watoto kisiwani Mbudya bila kulipa nauli ya watu. Nilikuwa na milioni 7, humo humo itoke boti, mashine, tangi, nanga, jaketi okozi na cheti cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Kwa hela hiyo kitu kipya unakisikia tu. Nikaishia kwa muuzaji mmoja wa boti zilizotumika hapa Dar, simtaji. Akanionyesha faiba ya futi 16 na mashine ya nguvu za farasi 15, stroki mbili, ile ya kuchanganya petroli na oili. Imetoka Mwanza.

"Bosi wangu, hii haijawahi kuonja chumvi."

Nikaona hapo nimepata. Maji baridi ya ziwani hayali chuma kama bahari, hata mtoto anajua. Na sikwenda kizembe. Rafiki yangu mvuvi alishaniambia nianzie kwenye tezi, kule nyuma inapofungwa mashine, maana ndani ya faiba kuna mbao, na mbao zikioza ndani kwa ndani, siku moja mashine inaondoka na tezi yote. Nikaigonga kila mahali kwa mpini wa bisibisi. Ikalia ngo, ngo, kavu kabisa. Nikajiona fundi.

Mashine ilikuwa imefungwa kwenye stendi ya mbao pale uani. Imepigwa rangi mpya juu mpaka chini, inang'aa kama sufuria ya harusi. Kijana akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Akaikazia mafuta, akaiacha ingurume nusu dakika nzima huku ananitazama usoni. Mimi, mtu mzima, nikapiga makofi. Nikalipa siku ile ile.

Safari mbili za kwanza sina neno. Maji ya kupoozea yalikuwa yanatoka nyuma ya mashine kwa kijitundu chake, membamba kama mkojo wa mtoto mchanga. Nikadhani ndivyo yalivyo.

Ya tatu ndiyo hiyo. Ilikuwa msimu wa kusi, siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Tukakaa Mbudya mpaka saa kumi jioni maji yajae, maana bamvu likikupwa pale Kunduchi unabeba boti kichwani. Tumefika katikati, mke wangu akasema kuna harufu ya mpira unaungua. Nikageuka. Kile kijitundu hakitoi hata tone. Kabla sijazima, mashine ikajizima yenyewe kwa mlio ambao sitaki kuusikia tena.

Upepo ukaanza kutusukuma kuelekea Ununio. Kafi lilikuwa moja, la pili nililisahau nyumbani, hilo ni kosa langu na nimeshalisikia vya kutosha. Mke wangu hakusema neno lolote. Bora angesema. Wakaja vijana wa kuvua na mashine yao kuukuu imefungwa kwa waya na mpira wa baiskeli, inapiga kazi. "Mjomba, pokea kamba!" Wakatuvuta mpaka ufukweni, wakakataa hela, wakachukua ya mafuta tu.

Kesho yake nikapiga simu, haipokelewi. Nikaenda mwenyewe. Kijana anakula chipsi, hakuinua kichwa.

"Mzee, siku unaichukua ilikuwa inawaka au haiwaki?"

"Ilikuwa inawaka."

"Basi."

Angalia hapo. Kabla ya hela nilikuwa bosi wangu, baada ya hela nimekuwa mzee. Nikamwambia nilikuwa na familia baharini. Akalamba chumvi ya chipsi kidoleni, akasema, "Mzee, kama unaogopa chumvi ungenunua bajaji." Wenzake wakacheka. Bajaji! Nimelala na neno hilo sijui wiki ngapi. Hela ningesamehe, mashine ni chuma, lakini kuchekwa na mtu mwenye chipsi mdomoni, hapana.

Fundi wa Kunduchi akafungua pampu ya maji. Mle ndani kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, mafundi wanakiita impela, ndicho kinachovuta maji ya bahari kupooza mashine. Mabawa yalikuwa yamelika, mengine hayapo. Akaniuliza, "Mliijaribia kwenye pipa la maji?" Nikanyamaza. "Basi iliwashwa kavu. Mpira huu unapozwa na maji hayo hayo unayoyavuta. Ukikosa maji unajisaga."

Yaani ile nusu dakika niliyoipigia makofi.

Akaendelea. Chini ya mashine kuna kipande cha zinki, kazi yake ni kuliwa na chumvi ili mashine isiliwe. Changu kilikuwa kizima kama kilivyotoka kiwandani, kwa sababu walikipaka rangi pamoja na vingine vyote. Zinki yenye rangi ni pambo. Impela elfu 40, lakini na gasketi, ringi na ufundi ikafika laki 3 na themanini.

Sasa niseme haki. Tezi ni nzima, fundi naye kaigonga. Faiba ni nyepesi, watu wanne tunaivuta mchangani. Stroki mbili inakunywa mafuta, lakini Kunduchi nzima wanaijua na spea zipo. Kila nikirudi naichovya kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, naiacha ingurume dakika 10, na mkojo wake sasa ni wa mwanaume. Juzi tumerudi na samaki, changu na kolekole mmoja, mke wangu ndiye aliyemvuta. Na huenda yule kijana hajui, huenda na yeye alifundishwa hivyo. Nikawa nimeshaamua, nyota tatu, yaishe.

Kisha wiki hii nikapita pale na gari. Mashine ingine stendini, rangi mpya, na baba mmoja kasimama mbele yake, mikono nyuma, anatabasamu. Kijana akavuta kamba. Nikashusha kioo nikapiga kelele, "Pipa! Mwambie aweke pipa!"

Hakunisikia. Ilikuwa inanguruma vizuri sana.