Springi za mbele za Land Cruiser kuukuu: anza na pini

Lalamiko linalonifikia kutoka Malindi hadi Mambrui ni lile lile: mtu ametia springi mpya na bushi mpya (vile vipande laini vinavyovishwa kwenye matundu ya springi), na baada ya muda mfupi gari linagonga tena kwenye njia mbovu ya Marafa. Lawama zote huangukia springi, na mara nyingi mwenye kosa ni pini, kile chuma cha mviringo kinachopita ndani ya bushi na kuishika springi.

Nazungumzia Land Cruiser za modeli ya 75, zenye springi za majani mbele, yaani vyuma bapa vilivyopangwa juu ya kingine. Kuanzia 1999 Toyota ilitia koili mbele, yaani springi za kujizungusha. Hizo zina habari yake.

Hewa yetu ina chumvi. Inapenya kati ya bushi na pini, chuma kinaota vishimo, na bushi mpya ikivishwa hapo inasuguliwa kama kwa msasa kila gari linapopanda na kushuka. Toa pini, ifute kwa kitambaa chenye dizeli, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, pini hiyo tupa. Usikubali fundi aipige msasa: itapungua unene na bushi itacheza tangu siku ya kwanza. Pini ikigoma kutoka, imwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Usitumie moto wa gesi: karibu na jicho la springi, yaani tundu lake la mwisho, unaharibu ugumu wa chuma.

Sasa manunuzi. Chaguo langu la kwanza, wala sioni haya kulitangaza, ni springi za Old Man Emu pamoja na bushi za mpira za Toyota yenyewe. Springi hizo huuzwa kulingana na uzito, kwa hiyo mwambie muuzaji ukweli: una bampa la chuma na winchi, au huna? Anayechukua za mzigo mzito kwa gari tupu atarushwa mpaka kichwa kigonge paa.

La pili ni springi za Dobinsons na bushi za poli (aina ya plastiki inayonyumbuka) za SuperPro. Poli inadumu, lakini ikikauka inalia, na mchanga wetu unaikausha upesi. Inataka grisi yake maalum. Bushi za mpira nazo usizipake grisi ya kawaida, hata ile nzuri ya boti wanayotumia wavuvi. Mafuta huufurisha mpira ukawa laini. Ya silikoni tu, au kavu.

La tatu ni kupeleka springi zako kwa fundi azikunje upya. Zitanyanyuka, kisha zitalala tena. Zisizo na jina, za bei ya kutupa, ziacheni dukani.

Hesabu vipande kabla ya kulipa. Kila springi ina sehemu tatu za bushi: jicho la pini, jicho la shakeli (kiungo cha chuma kinachobembea mwisho wa pili wa springi), na shakeli juu kwenye chesisi, yaani fremu ya gari. Kila sehemu inachukua nusu mbili, kwa hiyo ni 6 kila upande, 12 mbele nzima. Ongeza pini 2, shakeli za pande zote mbili, na yubolti 4 mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), kwa sababu za zamani zimeshavutika. Hapa ndipo wauzaji wanapotuumiza: "seti" unayopewa ina vipande 8, vya chesisi havimo, na ukirudi unaambiwa hivyo ni bei nyingine. Kisha bei inapanda kwa kisingizio cha nauli ya Mombasa, kwa mzigo uliokaa rafuni hadi mpira umepasuka ukingoni. Ubonye kwa kidole gumba kabla ya kutoa pesa.

Siku ya kufunga, nati za pini na shakeli ziachwe zimelegea mpaka gari lishuke kwenye jeki na kukaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira unabaki umejipinda na utachanika. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita 500.

Na risiti iandikwe "bushi 12, pini 2". Ikiandikwa "seti moja" huna cha kudai.