Karl XII na Friedrich II: wafalme wawili kwenye mstari wa mbele

Karl XII wa Sweden na Friedrich II wa Prusia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, wote waliongoza majeshi yao wenyewe vitani, lakini walianza kwa njia tofauti kabisa. Karl, akiwa na umri wa miaka 18, aliwashinda Warusi huko Narva mwaka 1700 katikati ya dhoruba ya theluji. Friedrich, katika pigano lake la kwanza huko Mollwitz mwaka 1741, alishauriwa aondoke uwanjani, na ushindi ukapatikana yeye akiwa mbali. Kwa maoni yangu, fedheha hiyo ilimfaa Friedrich kuliko ushindi wa mapema ulivyomfaa Karl, kwa sababu ilimfundisha kujirekebisha, na matunda yake yalionekana katika ushindi wake huko Leuthen mwaka 1757.

Ujasiri haukumpungukia yeyote kati yao. Huko Poltava mwaka 1709, Karl, aliyekuwa amepigwa risasi mguuni siku chache kabla, alibebwa kwenye machela huku jeshi lake likisambaratika, kisha akakimbilia himaya ya Waturuki. Friedrich naye alishindwa vibaya Kunersdorf mwaka 1759, ambako farasi waliuawa chini yake na risasi ikazuiwa na kijaluba cha ugoro kilichokuwa mfukoni mwake.

Tofauti kubwa ni kwamba Friedrich alijua kufunga mkataba wa amani, ilhali Karl aliendelea kupigana mpaka risasi ilipompata kichwani, ndani ya handaki karibu na ngome ya Fredriksten nchini Norwe, mwaka 1718, akiwa na miaka 36. Friedrich alifariki mwaka 1786, kitini mwake, katika kasri la Sanssouci.