Duka la kanga la Ngamiani linalouliza shughuli kwanza

Miongoni mwa maduka ya kanga ya Ngamiani, Tanga, lipo moja linalostahili kusifiwa, kwa sababu mama anayeuza hapo hamfungulii mteja doti yoyote kabla ya kumuuliza nguo inakwenda kwenye shughuli gani. Swali hilo lina uzito wake, kwani kwetu pwani kanga ya kushindia nyumbani, ya kumtunza mzazi na ya kuendea msibani hazichaguliwi kwa jicho moja.

Mimi nilifuata nguo za mkaja na ubeleko, ada ambazo upande wa bwana harusi humpa mama wa binti, sambamba na kilemba cha baba. Mkaja hukumbusha nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ile aliyombebea mwanawe mgongoni. Siku hizi familia nyingi hupokea fedha tu, nami sina ugomvi nazo, ingawa noti haikunjwi ikatiwa udi sandukuni. Muuzaji alinitolea kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo ndiyo nguo ya harusi tangu zamani na kwa desturi haina jina, yaani maneno yanayochapwa kwenye kanga. Nilipovutiwa na nyingine kwa rangi zake, alinisomea maneno yake na kunishauri niiache, maana yalikuwa ya kijembe, na mkwe angedhani anasemwa yeye.

Upande wa ubora duka halijanyooka. Kanga za pamba tupu zimerundikwa pamoja na za mchanganyiko bila alama yoyote, na kwa kuwa zote huwa ngumu kwa wanga zikiwa mpya, mkono pekee hautoshi kuzitofautisha; ni lazima uulize, na ukiuliza unajibiwa kweli. Bei ya pamba iko juu kidogo kuliko kwa majirani, lakini naiona ya haki. Kanzu na kofia zipo chache, za kawaida, na sioni sababu ya mtu kuzifuata huko.

Fundi wa cherehani anayekaa barazani hukata doti na kupiga pindo wakati unasubiri. Kabla ya kumkabidhi, omba doti ifunguliwe yote, kwani moja niliyooneshwa mji wake, yaani sehemu ya katikati, ulikuwa umechapwa upande, kasoro isiyoonekana nguo ikiwa imekunjwa.